Spika Iliyong'olewa

Alhamisi ile Dardo Bentancor alikula mlo wa mchana kama kawaida, tambi na mchuzi uliobaki jana, akafuta ndevu zake, akavuka ua kuingia karakanani. Kwa miaka thelathini na kitu, hapa mtaani kwetu La Comercial, Montevideo, kazi yake ilikuwa kufufua spika za zamani, zile ambazo matajiri waliziagiza kwa meli na kuzitengea chumba maalumu. Mkewe Nélida alikuwa anafunga mkoba. Saa kumi angepanda basi kwenda Tacuarembó kwa binti yao aliyejifungua, na huko angekaa wiki nzima.

Karakanani yalisimama makasha mawili ya mti wa jozi, kila moja refu kumpita mtu mzima. Aliyaleta Zulma, mpwa wa marehemu Olegario Sosa Dutra. Moja lilikuwa zima. La pili lilikosa spika ya kati, ile inayobeba sauti za watu, na tundu lake lilizibwa kwa kibao.

"Mjomba aliing'oa mwenyewe," Zulma alisema siku ya kuyaleta. "Kwa kisu cha jikoni. Kisha akawa anakaa kuyatazama tu. Hayawashi, hayauzi."

"Uzee huo, dada yangu. Karatasi ya spika ilichanika ikawa inamkera masikio."

"Labda," Zulma alisema.

Mafundi kama Dardo wana kosa lao, na mimi siwezi kuwacheka. Wakikuta kipande hakipo, huamini kimepotea. Haiwajii akilini kwamba kuna mtu alifikiri sana kabla ya kukitoa. Kibao kile hakikuzidi sahani kwa ukubwa, lakini kilishikwa na skrubu ishirini na nne. Dardo alizifungua moja moja huku akipiga mluzi.

Wiki tatu alitengeneza spika mpya. Kipimo alikichukua kwa mbele, kutoka kwenye kasha zima. Hakulifungua. Skrubu zake za nyuma bado zilikuwa chini ya vanishi ya kiwandani, na fundi anayejiheshimu hagusi kilicho kizima. Alikanda karatasi kwa maji, akaikausha kwenye kalibu, akaifunga kwa uzi mwembamba. Ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

Alhamisi ile ilibaki kuifunga tu. Spika za makasha ya namna hiyo hufungwa kwa ndani. Dardo alitoa kifuniko cha nyuma, akakiegemeza ukutani, akajipenyeza ndani akiwa amejikunja, taa ndogo kichwani. Alikaza spika mahali pake. Akashika waya ili aulehemu.

Kifuniko kikaja chenyewe nyuma yake. Polepole, kama mlango unaosukumwa na mtu anayejua kuna mgonjwa amelala.

Alisukuma kwa mgongo. Hakikutikisika. Akadhani kimekwama, akasukuma tena. Ndipo akasikia mlio anaoujua kuliko wimbo wowote: skrubu ikizama kwenye mti. Mzunguko mmoja, mwingine, mwingine. Ikakaza. Ikaanza ya pili.

"Nani huko?"

Bisibisi yake ilikuwa mfukoni mwake.

"Neli!" aliita. "Neli, nifungulie!"

Karatasi ya spika, sentimita chache kutoka puani mwake, ilivutwa kuelekea kwake. Kama shavu la mtu anayevuta pumzi. Kisha ikarudi. Na nje, upande wa pili, sauti yake mwenyewe ikasema kwa utulivu:

"Niko sawa, Neli. Usije."

Waya ulikuwa bado mkononi mwake. Haukuunganishwa na chochote.

Akasikia kandambili za Nélida uani. Hakuingia; gundi inapokuwa mbichi Dardo hamruhusu mtu, vumbi lisije. Desturi yao ni kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani tunayokunywa kwetu, kuachwa juu ya kigoda kando ya mlango, na mrija wake wa fedha, Dardo akinywa anakirudisha hapo ajaziwe tena.

"Kunywa upesi, mzee, nina safari," Nélida alisema. "Na usinisahaulishe nguo za mtoto, maana wewe kichwa chako kimejaa nyaya."

Dardo alipiga kelele mpaka koo likawaka. Alimwita mkewe kwa jina. Alisema anakosa hewa. Karatasi ilivuta, ikarudi.

"Nguo ziko juu ya kitanda," sauti ikasema. "Nenda salama."

Nguo zilikuwa juu ya kitanda kweli. Dardo hakuwa anajua.

Kisha akasikia mrija. Ule mfyonzo wa mwisho, maji yanapokwisha kibuyuni. Haukutoka mlangoni. Ulitoka humu humu karakanani, karibu na bega lake, upande wa pili wa ubao.

"Asante," sauti ikasema.

"Basi nimalizie mimi," Nélida alisema.

"Hapana. Jaza."

Maji yakamiminwa. Mfyonzo.

"Asante. Jaza."

Ikawa hivyo hadi mara ya sita. Kila kilio cha Dardo kilikuwa kinaipa maneno. Hilo Dardo alilielewa sasa. Akanyamaza. Jasho likamwingia machoni. Taa ya kichwani ikafifia. Hewa ilinuka gundi. Akinyamaza, Nélida ataondoka. Akilia, ataondoka akiwa na amani.

"Mimi natoka, mzee." Sauti ya Nélida ilikuwa mbali zaidi.

Dardo aliitazama kazi ya wiki tatu. Ilikuwa nzuri. Karatasi ilijaa kuelekea kwake, ikingoja.

Akaichana. Kwa kucha. Kwa meno. Nje, sauti ilikuwa inasema "Funga mlango wa" na ikakatika.

Kandambili zilirudi mbio. Kifuniko kilianguka Nélida alipokigusa kwa kidole kimoja. Hakikuwa na skrubu hata moja, wala alama mpya. Dardo alitoka kwa magoti, vipande vya karatasi midomoni.

"Nilikuwa nimeshafika mlango wa mtaani," Nélida alinong'ona, amemshika kichwa. "Nikageuka. Mtu wa kwetu akisema asante, ametosheka, kibuyu kinampita. Wewe umesema asante mara sita na kila mara ukataka tena. Nikajiuliza, ninamnywesha nani?"

"Hukumwona?"

"Niliona kibuyu kinarudi." Akatazama kigoda. "Cha mwisho hakikurudi."

Walikitafuta chini ya meza, nyuma ya makopo, uani. Hakikuwepo. Nélida alisafiri Ijumaa, na Dardo alikwenda naye.

Waliporudi, alirudisha kibao na skrubu zake ishirini na nne, akampigia Zulma na kumweleza yote kwa sauti ya kukwaruza, ambayo ndiyo aliyo nayo hadi leo. Zulma hakumcheka. Alisema tu kwamba mjomba wake naye alikuwa akiongea hivyo.

Wachukuzi aliowatuma Zulma kuyachukua makasha walianza na lile lililofungwa kibao. Kisha wakainua lile zima, wakaliinamisha ili lipite mlangoni.

"Humu kuna kitu kimelegea, bwana," mmoja alisema.

Dardo alipapasa mgongo wa kasha. Vanishi ya kiwandani ilikuwa laini juu ya kila skrubu, haijapasuka popote. Ndani, kitu chepesi na cha mviringo kilibingirika kutoka kona hadi kona, na mrija wa fedha ukagonga mti nyuma yake. Kisha kikasimama kabla kasha halijasimama, kama kilichodakwa.