Dawa za Cucu Ngendo

Kila asubuhi ya likizo, Kagure alimsaidia nyanya yake, Cucu Ngendo, kukama ng'ombe kwao Endarasha. Siku hiyo Cucu alipoinuka kutoka kwenye kigoda, aliyumba, akaishika nguzo, kisha akaanguka. Maziwa yote yalimwagika.

Kagure alitaka kumwinua, lakini akakumbuka mafunzo ya skauti: aliyezirai hasimamishwi. Akamlaza chali, akaipandisha miguu yake juu ya gunia la nyasi. Punde si punde Cucu akafumbua macho.

"Cucu, umepatwa na nini?"

"Ni dawa za presha," Cucu alinong'ona. "Nilikuwa nimeziacha. Leo ni siku ya kliniki, nikameza za siku tatu pamoja ili ile mashine ya kupima presha isiniaibishe. Usimwambie daktari, mama."

Kagure alimsaidia kuketi polepole. Hakuwahi kumkaidi Cucu hata mara moja.

Huko kliniki, Daktari Ngatia alimpima Cucu, akakunja uso. "Presha imeshuka sana. Dawa umekuwa ukimeza vipi?"

"Moja kila siku, daktari."

Kagure alimgeukia nyanya yake. "Cucu, nisamehe," alisema. "Daktari, si hivyo." Akaeleza yote, huku Cucu ameinamisha kichwa.

"Umefanya vizuri sana," daktari alimwambia. "Ningemwamini, ningembadilishia dawa bila sababu. Sikilizeni. Presha ikipanda, mishipa midogo ya ubongo hujibana. Ikishuka, hujitanua, ili ubongo upate damu ya kutosha, isizidi wala kupungua. Lakini kujitanua kuna mwisho. Tena ubongo wa Cucu umezoea presha ya juu miaka mingi. Ikishuka ghafla, mishipa inashindwa, damu inapungua, mtu anaanguka. Ndiyo maana tunaishusha polepole. Nawe ulipomlaza, ulisaidia damu kufika kichwani."

Cucu alipumzishwa huko hadi presha yake ikatulia. Walipotoka, Kagure alitembea nyuma, akingoja kukemewa. Lakini Cucu alisimama mbele ya akina mama waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi, akamvuta kando yake.

"Mnamwona huyu? Ni mjukuu wangu!" alisema kwa sauti. "Nilimwambia anifichie kosa langu, akakataa. Dawa za presha ni za kila siku, si za kumfurahisha daktari. Na anayekupenda kweli hatakusaidia kumficha daktari ukweli."

Akina mama wakapiga makofi. Kagure aliona haya, lakini aliinua kichwa.