Midomo ya Philomène

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Philomène alimsindikiza baba yake hadi kwenye lango la kiwanda cha shaba huko Shituru, mjini Likasi. Papa Casimir hakuwa mzee, wala miguu haikumsumbua. Masikio yake ndiyo yaliyokwisha. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya madini, na makelele yake yalimla usikivu kidogo kidogo, kama kutu inavyokula bati. Siku moja kichwa cha treni kilipiga honi nyuma yake kwenye reli, naye hakugeuka. Mpita njia mmoja alimvuta kwa shati. Tangu hapo Philomène alitembea naye akimshika mkono.

Miaka ile maisha yalikuwa magumu kwa kila mtu Likasi. Kampuni ilikaa miezi bila kulipa mishahara, lakini mara moja moja wafanyakazi walipewa posho ya unga. Mama yake, Mama Germaine, aliuza makala ya kupikia sokoni, akarudi jioni hana nguvu hata ya kuongea. Kazi ya kumrudilia baba maneno ilimwangukia Philomène, mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Papa, bukari iko tayari!" aliita akiweka ugali mezani.

"Nani anakuja?"

"Bukari, Papa! Bukari!"

Sauti ilimkauka. Darasani alilaza kichwa juu ya dawati, na mwalimu, ambaye naye alikuwa hajalipwa, hakuwa na moyo wa kumwamsha.

Ndipo ikaja habari kwamba dokta mmoja kutoka Lubumbashi, Julie Kitenge, anafanya utafiti. Alitaka kujua ni kitu gani kinaharibu masikio ya wafanyakazi, na yapi yanaweza kuponywa. Watu wote wa mashine za kusaga wangepimwa kwenye zahanati. Lakini mtaani zilivuma habari nyingine: atakayeonekana kiziwi atafukuzwa kazi.

Papa Casimir alimwita binti yake nyuma ya nyumba.

"Weye utasimama mbele yangu," alimwambia. "Kila neno ile dokta atasema, ulitamke kwa midomo, bila sauti. Minye nitasoma."

"Papa, ile ni uongo," Philomène alisema, akitamka polepole ili aelewe.

"Ni unga, mwana. Ni unga."

Siku ya kupimwa, Dokta Julie alimruhusu binti asimame karibu na mlango. Akamkalisha Papa Casimir kitini, uso ukielekea mlangoni, akaenda kusimama nyuma yake, akajiziba mdomo kwa kipande cha karatasi, macho yake kwenye orodha ya maneno.

"Nikisema neno, ulirudilie. Maji."

Midomo ya Philomène ilicheza. "Maji," akasema Papa Casimir kwa sauti kubwa.

"Kitanda."

"Kitanda."

"Mbuzi."

"Mbuzi."

Dokta akashusha sauti. "Chumvi."

Baba alikuwa amekodoa macho, anangoja midomo ya mwanawe kama kitoto kinachongoja kijiko. Philomène akamtazama. Akafikiria kesho asubuhi, na kesho kutwa, na ile reli. Akasikia uchovu ukimpanda kutoka miguuni. Akafumba mdomo.

"Chumvi," dokta akarudilia.

Papa Casimir alimkazia macho binti yake, kisha akainamisha kichwa.

"Dokta," Philomène akasema, machozi yakimtoka, "papa hasikii. Minye ndiye nilikuwa ninamwambia kwa midomo."

Papa Casimir hakusikia maneno yale, lakini aliyaelewa. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Umeniua, Philomène! Mama yako atapika nini?"

Dokta Julie hakukasirika. Aliinua kiti, akamkalisha tena Papa Casimir, naye akakaa mbele yake, mahali ambapo Papa angeweza kuona midomo ya dokta vizuri.

"Papa, sikutumwa kufukuza watu," alisema taratibu. "Ukinidanganya, nitaandika kwamba kazi ile haiumizi mtu. Halafu vijana wataingia pale bila kitu cha kuziba masikio, nao watakuwa kama weye. Sasa, niruhusu nitazame ndani."

Alimulika sikio la kulia kwa taa yake ndogo, akatikisa kichwa. Hakukuwa na kitu cha kutoa. Kelele ndizo zilizoliua, na dawa yake haipo. La kushoto akalitazama muda mrefu, kisha akarudi mbele yake.

"Uliwahi kuweka pamba humu?"

Papa Casimir alikiri kwamba zamani alijisokotea pamba ili apunguze makelele. Kipande kimoja kilikuwa kimebaki ndani, kikashikana na nta hadi kikawa kigumu kama udongo mkavu.

Dokta akampa mafuta ya kudondosha sikioni kwa siku kadhaa, ili uchafu ulainike. Papa aliporudi zahanati, dokta akalisafisha sikio kwa maji ya vuguvugu na bomba kubwa la sindano. Kitu cheusi kikadondoka ndani ya bakuli. Papa Casimir akashtuka, akajishika shavu.

"Papa, inauma?" Philomène akapaza sauti kama kawaida yake.

"Usipige kelele, mwana," alijibu baba. "Ninakusikia."

Hakupona kabisa. Dokta alisema sikio lile nalo limepungua nguvu, na likirudi kwenye mashine litaisha. Akaenda mwenyewe kuzungumza na mkubwa wa kazi. Walibishana sana, lakini mwishowe Papa Casimir akahamishiwa kwenye ghala la vyombo, mahali penye utulivu. Posho ilikuwa ile ile: kidogo, tena kwa kuchelewa.

Jioni ya siku ile Mama Germaine alisimuliwa yote, akijisugua mikono iliyojaa vumbi la makala.

Papa Casimir ndiye aliyesema. "Philomène, minye nilikubebesha uongo wangu, na ulikuwa mzito kuliko gunia. Ugonjwa si aibu. Aibu ni kuuficha hadi mtoto anachoka. Kama ungeendelea kunisaidia vile nilivyotaka, ningebaki na pamba yangu sikioni hadi kufa. Siku nyingine mtu mkubwa akikuomba umfichie ugonjwa, hata akiwa baba yako, ukatae. Na mwili wako ukiuma, sema mapema, ungali na kitu cha kuponya."

"Eyo, Papa," Philomène akakubali kwa sauti ndogo, naye baba akaitika kwa kichwa. Kisha Philomène akaenda kulala mapema, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya shule.