Aliyeitika kwa Maandishi

Agnetha alifuta barua pepe mia nne, akaangalia idadi, akaikuta ile ile: elfu ishirini na mbili na mia sita. Akafuta nyingine mia nne. Idadi haikutikisika.

Barua hizo zilikuwa za marehemu baba yake, Hilari, aliyekuwa afisa nyuki hapa Tabora na ambaye, tuseme ukweli, hakuwahi kutupa hata karatasi ya kufungia chumvi. Akaunti ilijaa mpaka barua mpya zikawa haziingii, na ndiyo anwani aliyomwandikishia binti yake kuombea chuo. Jibu la chuo lilitarajiwa wiki hiyo. Agnetha akasema zifutwe zote. Mama yake, Marcelina, akasema hataki, alishamzika mumewe mara moja na inatosha. Walibishana siku mbili, mama akachoka, akaridhia.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la mtaani kwao Isevya linachoma bati. Agnetha akakumbuka kwamba kapu la taka la akaunti lisipomwagwa nafasi haipatikani, akalimwaga. Hapo idadi ikaanza kushuka yenyewe, bila yeye kugusa kitu, hadi ikabaki barua moja isiyo na mtumaji. Kichwa cha barua kilikuwa jina lake mwenyewe: Agnetha. Ndani ilikuwa tupu. Akaifuta, ikaja nyingine: Agnetha. Akaifuta. Ya tatu ilisema: Agnetha, mwanangu.

Kila mtoto hapa anajua kwamba ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, unanyamaza. Lakini Hilari alimlea binti yake kujua pia kwamba mkubwa akikuita hujibu "nini" wala "eeh". Msichana huitika "abee". Na kuhusu kuandika, hakuna aliyewahi kumwonya. Vidole viliandika "Abee, baba" vikatuma, kabla hajawaza.

Chumba kikanuka moshi, ule moshi wa kufukuzia nyuki ambao Hilari alikuwa akirudi nao nguoni kutoka kwenye mizinga yake ya kijijini Ntalikwa, na Marcelina aliyekuwa uani akichambua mchele akaunusa, akafurahi, nasema akafurahi, maskini, kwa muda wa kuinua kichwa tu, kisha akakumbuka, akakimbilia ndani, akamkuta binti yake ameugeukia ukuta, macho wazi, anaitika "abee" taratibu, ananyamaza kidogo kama anayepokea maagizo, anaitika tena "abee", na ukutani hapana kitu, na ikawa hivyo hadi jua likazama, na kesho yake, na kesho kutwa, bila chakula, ila maji ya kijiko. Jibu la chuo liliingia siku hizo hizo. Hakuna aliyelifungua.

Siku ya nne Marcelina, Mkatoliki wa misa ya kwanza, alijitanda kitenge mpaka usoni akaenda mtaa wa pili kwa mwalimu Saidi. Mwalimu alikuja na ubani na msahafu, akasoma kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini aliyemo ni nani.

Kilichojibu kilitumia mdomo wa Agnetha bila kuuchezesha sana. Kilieleza kwamba tangu zama za misafara kinakaa kwenye magofu. Nyumba ikishasahaulika, ndipo kinahamia. Barua za Hilari, ambazo hakuna aliyezifungua tena, zilikuwa gofu zuri kuliko yote. Sasa limebomolewa.

"Mwache," mwalimu alinong'ona. "Huyu ni mtoto."

"Aliitika mwenyewe. Kwa maandishi."

"Tukikujengea nyumba nyingine?"

"Ya mambo ya kweli, yaliyosahauliwa. Nitatoka kidogo kidogo."

Mwalimu akafunga msahafu. Alisema bila kumtazama Marcelina kwamba kisomo chake kimefika mwisho. "Mama Agnetha, mimi sina uwezo tena. Hapa ni wewe."

Angefanya nini? Alikaa mbele ya kompyuta ya mumewe, akaandika jinsi Hilari alivyokuja kumchumbia na kidumu cha asali kinachovuja, akatuma barua hiyo kwenye anwani ile ile. Jioni Agnetha alikunywa uji. Asubuhi jirani yao Yustina akamtania Marcelina kuhusu asali ile, kama walivyozoea, naye akauliza asali gani.

Marcelina alielewa. Nataka ijulikane kwamba alielewa vizuri kabisa, na bado alirudi kwenye kiti. Akaandika harusi, akaandika safari ya treni hadi Tura, akaandika uso wa mama yake mzazi. Agnetha akaanza kukaa mwenyewe kitandani. Yustina alimsihi aache. "Bado yuko nusu," Marcelina alijibu. Yaliyobaki yakawa ya mtoto tu: alivyozaliwa miguu ikitangulia, jino la kwanza, homa ile ya darasa la tatu. Aliandika akilia, na alipomaliza hakujua analia nini.

Jumamosi mchana Agnetha aliamka mzima. Moshi ulikuwa umeisha nyumbani. Akatoka uani, akasema, "Mama, nina njaa."

Marcelina alimsogezea kigoda, akamnawisha, akampakulia ugali na mlenda, kwa upole wote wa kumpokea mtoto wa watu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Mama yako anajua kuwa uko huku?"