Sauti Iliyoimba Juu ya Chiriku

Mama alikuwa anakamua shuka, ncha moja kaibana kwa magoti, mwanawe wa kwanza alipotokea mlangoni na hedifoni shingoni. Nyumba nzima ilimwita Injinia, kwa kejeli.

"Mama, kuna mtu kaimba kwenye wimbo wetu."

"Kama mmegombana na mdogo wako, mimi simo."

"Chiriku kaimba sauti moja. Nasikia mbili."

Shaka ya Mama iliwaangukia watoto kwanza; hawa walishawahi kumficha paka kabatini wiki nzima. Akafuta mikono, akamfuata.

Chumba kilinuka marashi mazito, na humo ndani hakuna aliyejipaka. Chiriku, bintiye, alikaa kitandani akijishika koo, sauti imemkauka tangu juzi. Kwenye kompyuta, chini ya mistari ya sauti walizorekodi, ya gitaa, ngoma na Chiriku, palikuwa na mstari mwingine usio na jina. Injinia akazima mingine yote. Sauti ya mwanamke ikaimba maneno yale yale, tamu, bila kuvuta pumzi hata mara moja.

"Nani huyo?" Mama alinong'ona.

"Sijui. Nilidhani Chiriku kajirekodi mara ya pili. Ilikuwa nzuri, nikawa naipandisha. Ya Chiriku naishusha kidogo, zisigombane."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Mama akamtazama binti, akatazama mstari. "Ishushe hiyo. Yote."

Injinia akaivuta hadi chini kabisa, na Chiriku akafungua mdomo kusema neno, midomo ikacheza, mishipa ya shingo ikamtutumka, machozi yakamtoka, akapiga kelele ya mtu anayezama na chumbani hakikusikika kitu ila feni, mpaka Mama akamsukuma kijana pembeni akaipandisha kwa mkono wake mwenyewe, kidogo, kidogo tena, hadi nusu.

"Mama!" Chiriku akalia.

"Basi. Iache hapo hapo. Atakayeigusa atanitambua."

Jioni akapakua chakula, akahesabu vichwa kama kawaida yake: Baba, Injinia, Chiriku, na yeye. Wametimia. Baba akauliza mbona leo kimya, Mama akamsogezea sahani.

"Mama, naomba chumvi."

Ilikuwa sauti ya Chiriku, safi, imepona kabisa. Mama akashukuru moyoni, akanyoosha mkono na kopo la chumvi, akainua macho.

Chiriku alikuwa na glasi mdomoni, bado anakunywa.