Tumu, Mkaguzi wa Roboti

Sogeeni hapa, wanangu. Ingizeni miguu ndani ya mkeka, tegeni masikio. Leo ni zamu ya Tumu.

Tumu ana miaka saba. Mwili wake ni mdogo, lakini sauti yake! Akiita hapa, wanaitika barabara ya pili.

Mama yake ana duka pale Tanga mjini. Anauza balbu, betri, pasi na midoli.

Kwa Mama Tumu, balbu haifungwi karatasi kabla ya kujaribiwa. Mama huiweka kwenye holda, hubonyeza swichi. Tik! Ikiwaka, mteja anaichukua. Isipowaka, inakaa pembeni.

Siku moja dukani waliingia roboti wekundu. Roboti wa kuchezea, wanaosimama kama watu. Ukiwakunja, wanageuka magari.

Roboti hao hakuna aliyewajaribu. Walinunuliwa hivyo hivyo, wakaisha.

Mwinyi naye alinunuliwa wake. Mwinyi ni jirani, ana miaka mitano. Humwita Tumu "Da Tumu", kwa sababu Tumu ni mkubwa kwake.

Mwinyi akamkunja roboti wake. Kichwa ndani, kra! Miguu nyuma, kra! Mkono wa kulia, ta! Mkono wa kushoto... wapi! Umekwama. Haukuingia siku ile, wala siku ya pili.

Mbele ya duka pana mteremko wa saruji. Jioni watoto huteremsha magari yao hapo. Magari ya wenzake Mwinyi huenda vuuu!

Gari la Mwinyi lilikwenda kwaru, kwaru, kwaru. Ule mkono ulikwaruza chini. Kila siku wa mwisho ni yeye.

"Tazameni!" watoto walicheka. "Gari la Mwinyi linaaga watu!"

Mwinyi alicheka nao. Kisha akageukia ukutani, akajifuta macho. Tumu alimwona, na roho ikamuuma sana.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama, balbu zinajaribiwa. Mbona roboti hawajaribiwi?"

Mama aliweka pasi chini, akafikiri. "Umesema kweli. Haya, wajaribu wewe. Vidole vyako vyepesi kuliko vyangu."

Basi Tumu akawa mkaguzi wa roboti. Alijaribu roboti weusi. Alijaribu roboti wa bluu. Kila roboti alimsimamisha mezani, akamwambia:

"Rangi ni rangi, kazi ni kazi. Njoo nikujaribu!"

Kichwa ndani, kra! Miguu nyuma, kra! Mikono ubavuni, ta, ta!

Akigeuka vizuri, Tumu hupaza sauti: "Safiii!"

Asipogeuka, Tumu hupaza sauti vilevile: "Huyuuu, bado!"

Na watoto wa mtaa walimwamini. Tumu akisema safi, wanakwenda kuwabembeleza wazazi. Tumu akisema bado, wanakwenda zao kucheza.

Jumamosi asubuhi likaja katoni jipya. Mama akakata utepe wa gundi. Kraaach!

Loo! Roboti wa kijani! Kijani kibichi, na mstari wa njano kifuani.

"Wapya! Wapya!" watoto walipiga kelele. Mlango wa duka ukajaa vichwa.

Mwinyi alikuwa mbele kabisa, amekumbatia gari lake lenye mkono. "Da Tumu, bibi atanichukulia mmoja. Mmoja tu. Amesema, mpaka wewe useme safi."

Tumu akamshika roboti wa kijani. Akamtazama uso. Akamtazama pua. Akamtazama magurudumu.

"Aa! Huyu namjua!" akasema. "Pua ileile! Magurudumu yaleyale! Huyu ni yule mwekundu, kabadilisha kanzu tu!"

Watoto wakaangua kicheko. Tumu alikipenda kile kicheko. Kilimwingia kichwani.

Akapanda juu ya kigoda, kifua mbele.

"Sikilizeni! Rangi ni rangi, kazi ni kazi. Huyuuu, bado! Na wenzake wote, bado! Msichukue hata mmoja!"

"Mh! Tumu kasema," watoto wakaambiana. Mlango ukabaki mtupu. Wote wakaondoka, wakaenda kuruka kamba.

Wote, isipokuwa Mwinyi.

"Da Tumu," alisema polepole. "Umemjaribu?"

"Ya nini? Si unaona uso wake?"

"Nauona. Lakini umemjaribu?"

Tumu akamgeuza roboti mkononi, huku na huku.

Kule ndani, Mama alikuwa anamhudumia Mzee Kibwana.

"Mama Tumu," Mzee Kibwana alisema, "balbu hizi si ndizo zilezile nilizochukua juzi? Zile zinawaka vizuri. Nifungie tu, nina haraka."

"Ndizo, mzee wangu," Mama akajibu. "Lakini hii sijaiona ikiwaka." Akaiweka kwenye holda. Tik!

Masikio ya Tumu yakapata moto. Aliona aibu, aibu ya kweli. Amesema bado, amesema kwa sauti kubwa, na hakumkunja roboti hata kidole!

Akamtazama yule roboti wa kijani. Je, kama anageuka vizuri? Watoto watasema Tumu anasema ovyo. Hawatamwamini tena.

Angeweza kumrudisha katonini, akanyamaza. Lakini Mwinyi je? Mwinyi angerudi mteremkoni na lile gari lake. Kwaru, kwaru, kwaru, kila jioni.

Tumu akapiga moyo konde. Akamsimamisha roboti mezani.

"Rangi ni rangi, kazi ni kazi," akasema. Leo alisema taratibu. "Njoo nikujaribu."

Kichwa ndani, kra!

Miguu nyuma, kra!

Mkono wa kulia, ta!

Ukabaki mkono wa kushoto. Mwinyi akaziba macho kwa viganja. Tumu akausukuma mkono kidogo. Akausukuma tena.

TA!

"Umeingia?" Mwinyi aliuliza, macho bado kayaziba.

"Umeingia!"

"Wote?"

"Wote! Njoo uone!"

Tumu akamkunjua, akamkunja tena. Ta! Akamlaza roboti mwekundu wa Mwinyi kando yake, bega kwa bega. Akapitisha kidole.

Bega la mwekundu lilikuwa na kinundu kidogo. Ndicho kilichozuia mkono. Bega la kijani lilikuwa laini, halina kinundu.

"Kumbe!" Tumu akasema. "Pua ileile, bega jingine! Kule wanakowatengeneza, kuna mtu kaliona lile kosa, kalirekebisha."

"Basi ni safi?" Mwinyi akauliza.

"Huyu safi. Ila nina kazi moja kwanza."

Tumu akatoka nje. Akapanda kigoda chake pale pale mlangoni. Akavuta pumzi mpaka tumbo likajaa.

"JAMANIII! RUDINIII! NIMEKOSEAAA!"

Kamba ya kuruka ikasimama. Mwenye baiskeli akafunga breki. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo akainua kijiko, akasikiliza.

"ROBOTI WA KIJANI SIKUMJARIBUUU! NILIMTAZAMA TU, NIKASEMAAA!"

Watoto wakarudi, mmoja mmoja. Mbele yao alikuwa Chausiku. Chausiku ana miaka tisa, na hadanganyiki.

Akashika kiuno. "Wewe Tumu! Mara bado, mara safi. Sasa tukuamini vipi?"

"Msiniamini, Da Chausiku," Tumu akajibu. "Njooni mtazame kwa macho yenu."

Akawatoa roboti wote katonini, akawapanga mezani. Hakumwacha hata mmoja.

"Rangi ni rangi?" Tumu akauliza.

"Kazi ni kazi!" watoto wakaitikia.

"Njoo nikujaribu!"

Kra! Kra! Ta, ta! "Safiii!"

Kra! Kra! Ta, ta! "Safiii!"

Kra! Kr... kr... krrr. Roboti huyu goti lake lilikaza. Tumu akajaribu tena, akampa Chausiku naye ajaribu. Goti halikusogea.

Tumu akawatazama watoto, watoto wakamtazama Tumu.

"Huyuuu," akasema.

"BADO!" wakaitikia wote, duka likatikisika.

Mama akamchukua yule wa goti gumu, akamweka pembeni na balbu zisizowaka. Chausiku akaacha kushika kiuno.

"Hapo sawa," alisema. "Hapo nimekuamini."

Mara bibi yake Mwinyi akafika, kanga begani, anahema kwa jua.

"Hodi humu! Mkaguzi, umesemaje?"

"Karibu, bibi. Shikamoo," Tumu akasema. "Yuko mmoja bado. Hawa waliobaki ni safi. Nimewajaribu wote."

"Marahaba, mwanangu. Haya, Mwinyi, chagua."

Mwinyi alizunguka meza. Alimshika huyu, akamwacha. Alimshika yule, akamwacha. Mwishowe akachagua mmoja, akampa Tumu.

"Nikunjie, Da Tumu."

Tumu alitaka kumpokea, kisha akarudisha mkono. "Kunja mwenyewe. Ni wako."

Mwinyi akauma ulimi. Kichwa ndani, kra. Miguu nyuma, kra. Mkono wa kulia, ta. Mkono wa kushoto...

Ta!

"Safiii!" Mwinyi akapiga kelele. Alipiga kelele mpaka bibi akaziba masikio.

Jioni, watoto wakajipanga juu ya mteremko. Chausiku akahesabu. "Moja! Mbili! Tatu!"

Vuuuuu!

Gari la Mwinyi halikuwa la kwanza. Wala halikuwa la mwisho. Lilikuwa katikati ya wenzake, linakwenda vuuu kama yao.

"Nimempita mtu!" Mwinyi aliruka juu. "Da Tumu, umeona? Nimempita mtu!"

"Nimeona!" Tumu akajibu, na moyo wake ukawa mweupe.

Duka likafungwa. Wali ukaliwa, miguu ikaoshwa. Tumu akapanda kitandani, Mama akamfunika shuka.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Leo nilikosea."

"Nilisikia," Mama akasema. "Mtaa mzima ulisikia."

Tumu akavuta shuka mpaka puani.

"Halafu nikasema nimekosea."

"Hilo nalo," Mama akasema, akimbusu paji la uso, "mtaa mzima ulisikia."

Tumu akacheka humo humo ndani ya shuka. Akageukia upande wake, akafumba macho, akalala.