Ukurasa wa Jumanne

Kanuni ilikuwa moja, na mtaani kila mtu aliijua, kuanzia wazee hadi watoto wa shule: ndege usiyoiona kwa macho yako, usiiandike. Atakayeandika ya kubuni atakaa juu ya paa siku thelathini, peke yake, akihesabu upya.

Kanuni hiyo aliitunga Fundi Makochi, mwenyekiti wa kamati iliyopinga upanuzi wa uwanja wa ndege. Njia mpya ya kurukia ingefagia nyumba mia mbili pamoja na shule. Kwa siku sitini wakazi waliandika kila ndege iliyopita juu ya mapaa yao, ili kuthibitisha kwamba uwanja ulikuwa umekwisha kuvuka kiwango ulichoruhusiwa. Kitabu alikishika binti wa mwenyekiti, ambaye mtaa mzima ulimwita Karani.

Adhuhuri moja, siku moja kabla ya shauri kusikilizwa, simu ya Karani iliita. Alikuwa Kunguru, mpenzi wake wa siri. Jina hilo la utani alilipata kazini, kwa kuwa alifukuza kunguru na mwewe wasiingie katika injini za ndege. Alikula mshahara wa uwanja. Ndiyo maana mapenzi yao yalikuwa ya siri.

"Ile Jumanne tuliyokwenda bustanini, uliandika ngapi?"

"Hata hujambo hakuna?"

"Ngapi, mpenzi?"

"Ishirini na saba. Za asubuhi na za jioni niliziona. Za katikati nilinakili za Jumatatu. Si ni zile zile kila siku, bwana?"

Kunguru alivuta pumzi.

"Unadhani nilipataje nafasi ya kutoka kazini saa tatu asubuhi?"

"Ulisema mmepewa mapumziko."

"Tulipewa kwa sababu mafuta yalimwagika njiani. Uwanja ulifungwa tangu saa tatu hadi saa kumi. Haikuruka hata moja."

Karani alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa Jumanne ile. Siku ile baba yake alikuwa mjini na majirani walikuwa makazini. Hakuna aliyeusikia ukimya wa anga.

"Nani amegundua?"

"Wakili wetu wa uwanja. Analo daftari la mnara wa kuongozea ndege. Nimemwona akiipigia nakala ya ukurasa wako mstari mwekundu."

"Nitauchana!"

"Nakala anayo, mama. Utachana nini? Mwambie mzee leo. Nami kesho nitakuwepo."

"Watakufukuza kazi."

"Miaka sita nafukuza wenzangu. Siku moja na mimi nifukuzwe."

Baba yake alikuwa karakanani, misumari midogo imejaa mdomoni, akivalisha kochi kitambaa kipya. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaitoa misumari mmoja mmoja na kuipanga mezani.

"Ulikuwa na nani?"

"Na mtu wa uwanjani, Baba."

"Rubani?"

"Hapana. Anafukuza kunguru."

"Ala! Binti yangu kauza mtaa, na hata rubani hakumpata."

Karani hakujua acheke au alie. Akalia.

"Futa machozi. Kesho utasimama kabla wakili hajasimama."

"Utanitetea, Baba?"

"Nitakuwepo. Kukutetea, hapana."

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Hakimu mstaafu aliyeongoza baraza alikuwa bado anasafisha miwani yake Karani aliposimama.

"Mheshimiwa, ukurasa wa ishirini na tatu ni wa uongo. Nimeuandika mimi, na kamati haikujua."

Shangazi yake, msusi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, aliruka kutoka kitini.

"Ametuuza huyu! Damu yangu mwenyewe!"

"Mama, keti," alisema Hakimu.

"Sikai!"

"Basi simama kimya."

Wakili wa uwanja aliinuka akitabasamu, daftari la mnara likiwa kwapani.

"Tunashukuru kwa ungamo hilo. Siku hiyo ulikuwa wapi, binti?"

"Na mtu ninayempenda."

"Mtu huyo yupo? Au naye ni wa kubuni?"

Watu wakaangua kicheko. Kwenye benchi la wafanyakazi wa uwanja, mkuu wake akiwa ubavuni, Kunguru alisimama na fulana yake ya njano ya kazini.

"Nipo, mheshimiwa. Si wa kubuni."

Kicheko kilikatika. Wakili akakohoa.

"Haya. Ukurasa mmoja ni wa uongo. Kwa nini tuziamini hamsini na tisa zilizobaki?"

Karani alimtazama baba yake. Mzee hakupepesa jicho.

"Msiniamini mimi," alisema Karani. "Mwaka mzima tuliomba daftari hilo la mnara, tukaambiwa ni siri. Leo wakili amelileta mwenyewe. Naomba lisomwe, mheshimiwa. Siku zote sitini."

"Nimelileta kwa ajili ya Jumanne moja tu!"

"Umelileta barazani," alisema Hakimu akinyoosha mkono. "Lete."

Lilisomwa hadi saa tisa alasiri. Kurasa hamsini na tisa zililingana, ndege kwa ndege, na kila ukurasa ulivuka kiwango. Shangazi hatimaye aliketi.

Jioni ujumbe wa Kunguru uliingia: "Nimepewa barua ya onyo. Kazi ninayo. Wewe je?"

Karani akajibu: "Siku thelathini juu ya paa. Peke yangu. Usije hadi ziishe."

"Nitasubiri."

Siku ya kumi na tisa uamuzi ulitangazwa: upanuzi umezuiwa, na uwanja utii kwanza kiwango chake. Mtaa ulilipuka kwa vigelegele.

"Shuka, mwanangu!" aliita Shangazi. "Tumeshinda, unahesabu nini tena?"

"Subiri, Shangazi. Kuna moja inakuja."

Siku ya thelathini, jua likielekea kuzama, Kunguru alifika akiwa na mjomba wake, wote wawili wamenyoosha mashati. Fundi Makochi aliwapa kochi jipya kabisa.

"Tumekuja kuzungumza juu ya binti yako," alianza mjomba.

"Hajamaliza. Zimebaki dakika ishirini."

Wakasubiri, wanaume watatu, hadi ngazi ilipolia. Karani aliingia, uso umebabuka kwa jua, akampa baba yake kitabu kwa mikono miwili. Hakumtazama Kunguru. Mzee alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari.

"Hii ya saa nane na robo, uliiona?"

"Niliisikia tu, Baba. Wingu lilikuwa zito. Ndiyo maana pembeni nimeandika: sikuiona, isihesabiwe."

Mzee alitafuta kalamu mfukoni. Akatia saini, akafunga kitabu.

"Adhabu imelipwa," alisema. "Keti, mwanangu. Haya, mjomba, sema."