Binamu Aliyekaa Peke Yake

"Punguza sauti, mpenzi."

"Kwani nimesema nini? Nimesema supu ni tamu ila ni kiduchu. Bakuli kama beseni, supu yenyewe iko kule chini kama imepotea njia."

"Watu wanasikia."

"Si wana masikio?"

Mhandisi hakucheka. Zamani angecheka mpaka ajishike mbavu. Siku ya kwanza walipokutana, alikuwa amepeleka suti kupunguzwa, na yule fundi cherehani akamtazama juu hadi chini, akamuuliza bila kupepesa macho: "Kaka, hii alishonewa nani? Maana si wewe." Alicheka kutwa nzima, na kesho yake akarudi bila nguo yoyote ya kushona. Wateja walimwita dada yule Mashine, kwa mikono yake na kwa mdomo wake pia.

Lakini hayo yalikuwa kabla ya cheo. Sasa Mhandisi alikuwa msimamizi wa miradi yote ya kampuni, na Jumamosi hiyo mchana alimleta Mashine, sasa mchumba wake, kusherehekea katika mgahawa wa ghorofa ya juu kabisa, wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wanaotembea kama wanaogopa kuamsha mtoto.

"Leo chakula wewe kula tu," alimwambia ndani ya lifti. "Usikitolee maoni."

Mhandisi alikuwa anapangusa mdomo alipoona watu wanaingia mlangoni. Uso ukambadilika.

"Mungu wangu. Mkurugenzi."

"Bosi wako? Basi vizuri! Ngoja nimsalimie."

"Kaa chini."

Mkurugenzi alikuwa ameshawaona. Alikuja na mkewe, pamoja na msichana mmoja mrembo aliyevaa gauni la njano.

"Aha! Kumbe na wewe hapa unapajua!" Mkurugenzi alisema kwa furaha. "Na huyu mgeni wetu ni nani?"

Mashine alikuwa ameshasimama, mkono ameshaunyoosha.

"Huyu ni binamu yangu," alisema Mhandisi. "Amekuja kunitembelea siku mbili tatu."

Mkono wa Mashine ukabaki hewani. Mke wa Mkurugenzi ndiye aliyeupokea.

"Karibu, mwanangu. Chakula cha hapa unakionaje?"

"Kizuri, mama. Kidogo, lakini kizuri."

Mama yule alicheka. Msichana wa gauni la njano naye alicheka, huku akimshika Mhandisi mkono.

"Njoo ukae na sisi kidogo. Binamu hatakasirika. Eti binamu?"

"Hapana," alijibu Mashine. Alijishangaa jinsi jibu lilivyotoka kirahisi.

Mhandisi alimwinamia. "Dakika chache tu. Nitakueleza."

Akaenda nao meza ya dirishani. Mhudumu akaleta sahani mbili za samaki, akasita.

"Tumsubiri mwenzako, dada?"

"Weka tu. Anarudi."

Simu ya Mashine ikaita. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mpaka leo waliishi pamoja.

"Haya, nipe habari! Mmekula nini huko mbinguni?"

Mashine akavuta kiti mbele. "Kwanza ulikuja mkate, dada. Wa moto, na siagi imechongwa kama ua. Huo mkate nimeupenda, ningemaliza kikapu kizima. Halafu supu ya malenge. Vijiko vichache, imekwisha."

"Wee! Na shemeji anasemaje?"

Mashine alitupa jicho dirishani. "Anacheka tu."

Hakusema uongo. Mhandisi alikuwa anacheka kweli. Msichana wa gauni la njano alikuwa anamsimulia jambo karibu na sikio.

"Mpe simu nimpongeze."

"Ametoka kidogo, ameenda kunawa."

"Akirudi nipigie."

Alipokata tu, ujumbe ukaingia.

*Samahani mpenzi. Weka mkono wa kushoto chini ya meza. Pete inaonekana.*

Aliusoma, akausoma tena. Kisha akaushusha mkono, akauweka mapajani. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, vijiko vinagongana, wapishi wanaitana nyuma ya mlango. Hakuna aliyemwangalia. Alikula samaki kwa mkono mmoja, kimyakimya, akitazamana na kiti kitupu na sahani iliyokuwa inapoa.

Dada akapiga tena. Hakuwa mtu wa kungoja.

"Nimekwambia unipigie, na wewe hupigi! Sasa mnakula nini?"

"Samaki. Kipande chenyewe kama sabuni ya hoteli, tena juu wamemwekea povu. Nilidhani sahani haikusuuzwa."

Dada alicheka mpaka akakohoa. "Ni mtamu lakini?"

"Mtamu, dada. Mtamu kweli. Sijawahi kula samaki mtamu namna hii. Yaani..."

Akavuta kamasi. Miaka yote aliyokuwa na Mhandisi, kila kitamu alichoonja alimsimulia mtu aliyekaa mbele yake. Sasa mbele yake palikuwa na povu lililokwisha kunywea.

"Mbona unalia?"

"Silii."

"Mimi ndiye niliyekulea. Yuko wapi huyo mwanaume?"

"Yuko meza nyingine na bosi wake. Amewaambia mimi ni binamu yake."

"Rudia," alisema dada.

"Binamu yake, dada."

"Inuka utoke. Acha hata huyo samaki."

"Nammaliza kwanza. Kisha natoka."

Alikuwa anasogeza sahani alipomwona mke wa Mkurugenzi kasimama kando yake.

"Mwanangu, wamekutupa peke yako hivi? Si vizuri. Na sisi tunakaribia kuwa ndugu."

"Ndugu kivipi, mama?"

"Hajakwambia? Anataka kumwoa binti yetu. Amesema mwezi ujao mtakuja nyumbani kujitambulisha. Nilidhani umekuja kwa ajili hiyo."

Mashine alimtazama yule mama. Alikuwa na uso mwema, uliochangamka, usiojua lolote. Akautoa mkono wa kushoto mapajani, akauweka juu ya kitambaa cheupe.

"Mama, nisamehe. Mimi si binamu yake. Pete hii alinivisha yeye, mbele ya dada yangu."

Mama alivuta kiti cha Mhandisi, akakaa taratibu.

"Binti yangu hajui."

"Na mimi nilikuwa sijui."

Kisha mama akainuka, akarudi dirishani, akamnong'oneza bintiye sikioni. Msichana akamtazama Mhandisi. Akasogeza kiti chake mbali naye.

Mhandisi alimkuta Mashine mbele ya lifti. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Umefanya nini?"

"Nimekula, nimemaliza, naenda nyumbani."

"Ungesubiri ningekueleza!"

"Nieleze sasa."

"Wewe unasema kila kitu. Unasema supu imepotea njia. Ningekuweka wapi mbele ya watu kama wale?"

"Kando yako."

Mlango wa lifti ukafunguka. Mashine akaingia, mlango ukajifunga. Ndipo alipolia, peke yake, ghorofa zote mpaka chini.

Nyumbani dada alimtandikia kitanda, akakaa miguuni pake mpaka usingizi ukamchukua. Lakini siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mashine alivua pete, akampa dereva mmoja aliyefanya kazi na Mhandisi amrudishie. Alishona, akapiga pasi, akakabidhi nguo za watu. Wateja walimuuliza kama anaumwa, maana waliondoka bila kuambiwa lolote kuhusu vitambi vyao. Ikifika saa ya chakula alikula haraka haraka amesimama, kama mtu anayewahi gari, na hakuna mahali alipokuwa anakwenda.

Wiki kadhaa baadaye, jioni, Mhandisi akapiga.

"Tafadhali usikate."

"Sikati. Sema."

"Nimeachana nao. Nimewaambia ukweli wote."

"Ukweli waliusikia kwangu."

Alishusha pumzi. "Una haki. Lakini nilikupenda. Naapa nilikupenda."

"Najua. Ulinipenda hapa kwetu, mlango ukiwa umefungwa."

"Nipe nafasi nyingine. Nitakutembeza kila mahali. Kila mtu nitamwambia wewe ni nani."

Mashine alikaa kwenye kiti cha cherehani. Angeweza kumwambia kwamba ameshamsahau, lakini uongo wa namna hiyo hakuwahi kuuweza.

"Nakukumbuka," alisema. "Kila siku nakukumbuka. Nikila kitu kizuri natamani nikusimulie."

"Basi nakuja! Niko karibu, nakuja sasa hivi!"

"Subiri nimalize. Siku ile uliniambia nifiche mkono, nami nikauficha. Sikubishana, wala sikuuliza. Mimi huyu, ambaye sinyamazi hata kwa mteja mwenye pesa yake! Niliogopa, nikiwa pale. Sitaki kuwa yule mtu tena."

"Nitabadilika."

"Badilika. Lakini usinipigie tena."

Akakata. Dada, aliyekuwa jikoni, akatokeza kichwa.

"Nani huyo?"

"Mhandisi."

"Anataka nini?"

"Turudiane."

Dada akafuta mikono, akasogea karibu. "Na wewe je?"

"Na mimi nataka, dada," alisema Mashine, machozi yakimtiririka. "Nataka sana. Lakini nimekataa."